Kikande Saluni kwa Sekela

Sekela Kibona aliondoa televisheni saluni kwake siku wateja wawili, mmoja akiwa nusu ya kichwa imesukwa, waliponyang'anyana rimoti mpaka betri zikaangukia kwenye kikombe cha uji cha mtu wa tatu. Hakugomba. Alimaliza kumsuka yule wa nusu kichwa, akachomoa waya, akaibeba televisheni hadi nyumbani.

Saluni iko Sogea, Tunduma, mtaa wa pili kutoka barabara ya malori. Sekela alizaliwa Ileje, milimani, akashukia Tunduma akiwa msichana wa kusuka watu barazani, na baada ya miaka mingi ya baraza za wengine akapata chumba chake chenye viti vitano na kioo kirefu. Ni mwanamke wa maneno machache. Wateja wake wengi huvuka mpaka kutoka Nakonde, Zambia, kwa sababu wanasema mkono wake hauumizi. Lakini rasta za kichwa kizima humkalisha mtu tangu asubuhi hadi jua linapopoa, na mtu aliyekaa muda wote huo lazima awe na kitu cha kutazama. Asipokuwa nacho anamtazama mwenzake, na hapo maneno huanza.

Mwaka huohuo alimpeleka binti yake Tabita chuoni Dar es Salaam, na jino likamshika hukohuko. Kwenye chumba cha kungojea cha daktari wa meno kulikuwa na tangi la vioo lenye maji ya bahari, mawe, vitu laini vilivyopepea kama nyasi, na samaki wadogo wa rangi ambazo Sekela alikuwa amezizoea kwenye vitenge. Watu wote pale walikuwa wanaumwa, na hakuna aliyekuwa anamsema mwenzake. Walikuwa wanatazama samaki. Sekela aling'olewa jino, akarudi kukaa palepale na pamba mdomoni, akatazama mpaka msichana wa mapokezi akamuuliza kama anangoja mtu.

"Hawa samaki wametoka wapi?" Sekela aliuliza.

Akapewa namba ya mtu aliyeitwa Luhende, mwenyeji wa Shinyanga, ambaye kazi yake ilikuwa kutunza matangi ya namna hiyo mjini. Naye bahari aliiona akiwa tayari ana ndevu.

Mume wa Sekela, Gwamaka, ni dereva wa malori ya mbolea kati ya Dar na Zambia. Aliposikia habari hiyo alikuwa nyumbani, anakula.

"Maji ya chumvi," alisema. "Tunduma."

"Ndiyo."

"Kwa nini usifuge perege?"

"Perege nitatamani kumkaanga."

Gwamaka aliona jibu lina mantiki, akaendelea kula. Safari iliyofuata alileta tangi, refu kama kitanda cha mtoto, limefungwa kwa magodoro mawili katikati ya mifuko ya mbolea. Akaleta pia gunia la chumvi maalumu, pampu, hita kwa ajili ya baridi ya Juni, na mawe makavu ya matumbawe ya kale ambayo huko pwani watu hujengea nyumba. Kwa kuwa umeme ulikuwa ukikatika ovyo, akafunga betri mbili za lori chini ya meza ili pampu isisimame. Alifanya hayo yote bila kuuliza maswali, na Sekela hakumshukuru kwa maneno, kwa sababu hawakuwa na desturi hiyo. Alimpikia kande.

Luhende aliposikia ni saluni, alitaka kukata simu. Dawa za kulainisha nywele na marashi ya kupuliza, alisema, vitaua kila kitu. Sekela alimwambia yeye anasuka tu. Wanaotaka dawa akaanza kuwaelekeza kwa jirani, na mlangoni akaweka tangazo kwamba hapa hapapulizwi kitu. Kisha Luhende akamwambia aweke maji, mawe na chumvi, na asiweke samaki.

"Mpaka lini?"

"Mpaka maji yakomae. Kuna vijidudu vizuri vinatakiwa vizaliwe kwenye mawe kwanza. Nitakwambia."

Kwa hiyo kwa wiki kadhaa wanawake wa Tunduma na Nakonde walisukwa wakitazama mawe. Mutale, mfanyabiashara wa samaki wakavu wa Nakonde na mteja wa miaka mingi, alikuja, akakaa, akatazama tangi kwa muda mrefu.

"Bana Tabita," akasema hatimaye, "isabi liko wapi? Samaki wako wapi?"

"Hawajafika."

"Awe, mukwai, hapana mama. Unatutazamisha mawe."

"Ndiyo."

Mutale aliendelea kuyatazama. Alisema baadaye kwamba jiwe la kushoto linafanana na mkwe wake.

Maji yalipokomaa ukaja wakati wa kuchagua samaki, na hapo Sekela aligundua kwamba kupata samaki ni rahisi, ila kupata wanaoweza kuishi pamoja ni kazi kama ya mshenga. Kila jioni baada ya kufunga saluni alimpigia Luhende. Yeye alikuwa na picha alizozipenda, na Luhende alikuwa na sababu za kukataa.

Alitaka kitatange, yule mpana wa mistari ya njano na buluu. Luhende akasema kitatange atadonoa matumbawe laini mpaka yabaki vishina. Alitaka kangaja wa buluu. Luhende akasema kangaja ni mtu wa safari, anahitaji tangi mara tatu ya hilo, vinginevyo atazunguka mpaka akonde. Alitaka vile visamaki vidogo vya buluu inayong'aa, akidhani udogo wao ni upole.

"Hao ndio wakorofi kuliko wote," Luhende alisema. "Ukiwaweka kwanza, watajigawia tangi zima na hakuna mwingine atakayeingia."

"Basi wewe niambie nani anakaa na nani."

"Wapole waingie kwanza, wakali mwisho, au wasiingie kabisa. Usiweke wawili wanaofanana umbo, kila mmoja atadhani mwenzake amekuja kumrithi. Na chochote kinachoenea mdomoni mwa samaki mwingine, hicho ni chakula. Hata kama jana walilala pamoja."

Sekela aliwaeleza wateja kanuni hizo akiwa anasuka. Hakuna aliyezipinga. Mmoja tu alitaka kujua kama ile ya pili inahusu mawifi.

Mwishowe wakakubaliana. Kwanza jozi ya samaki wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, ambao walikuwa wamezaliwa na kukulia kwenye matangi ya mfugaji. Kisha samaki mmoja mdogo wa mchangani, wa rangi ya maziwa na madoa, pamoja na kamba mchimbaji wa ukubwa wa kidole. Hao wawili, Luhende alisema, huuzwa pamoja kwa sababu huishi pamoja. Kamba huchimba shimo lakini haoni vizuri. Samaki anaona vizuri lakini hajui kuchimba. Basi samaki hukaa mlangoni na kulinda, na kamba huku anachimba huweka sharubu moja juu ya mwenzake, asikie kama kuna hatari.

Samaki walipanda lorini kwa Gwamaka kwenye boksi jeupe jepesi, ndani ya mifuko yenye hewa. Foleni ya malori siku hiyo ilikuwa imerudi hadi nje kabisa ya mji, haisogei. Sekela alifunga saluni, akapanda bodaboda, akalikuta lori la mumewe limesimama katikati ya mengine. Gwamaka alikuwa amelifunika boksi kwa koti lake.

"Wazima?" Sekela aliuliza.

"Nimewaimbia," alisema Gwamaka. Haikujulikana kama anatania. Sekela aliondoka na boksi mapajani, na dereva wa bodaboda alilipwa zaidi ili aende polepole, jambo ambalo hakuwahi kuombwa na mtu.

Saluni ikabadilika. Samaki wa machungwa walizua mjadala peke yao, kwa sababu Luhende alikuwa amesema wote huzaliwa madume, na yule anayekuwa mkubwa ndiye hugeuka kuwa jike na kutawala nyumba. Wateja waliijadili habari hiyo wiki nzima, kwa Kiswahili, Kinyiha na Kibemba, bila kufikia uamuzi. Lakini waliyempenda zaidi alikuwa yule kamba. Alikuwa akitoka na mzigo wa mchanga, akiutupa nje, akirudi ndani, mchana kutwa, sharubu juu ya mgongo wa mwenzake. Mutale alikuwa akisema huyo ndiye mwenye biashara, na mwingine ni mlinzi.

Miezi ikaenda. Sekela aliendelea kumpigia Luhende jioni, kumweleza kipimo cha chumvi, kumuuliza kwa nini tumbawe laini fulani limenywea. Gwamaka alipokuwa njiani, akipiga simu kutoka Makambako au ng'ambo huko Kapiri, Zambia, mara nyingi alikuta inatumika. Akipata, mazungumzo yalikuwa yaleyale: umekula, nimekula, Tabita amepiga, haya. Gwamaka aliirudisha simu mfukoni. Yeye pia ni mtu wa Ileje, wa maneno machache.

Kisha akaleta ndoo.

Ilikuwa ndoo nyeupe ya rangi ya ukuta, yenye kifuniko kilichotobolewa, na pampu ndogo ya betri ikigugumia pembeni. Aliiweka sakafuni saluni mbele ya wateja na kufungua. Ndani kulikuwa na samaki wa ukubwa wa kiganja, mwili wa pembe pembe, mdomo wenye mstari wa njano kama amepakwa rangi na mtu mwenye haraka, na macho yaliyokuwa juu sana kichwani, kila moja likitazama upande wake. Aliwatazama wote waliokuwepo kwa zamu.

"Huyu ndiye samaki," alisema Gwamaka. "Nimemchagua mwenyewe. Kwa wavuvi, siyo kwa yule Luhende wako."

Wateja walipiga vigelegele kidogo. Sekela alichuchumaa. Alimtambua mara moja, kwa kuwa alikuwa ameiona picha yake na ameshakatazwa na Luhende. Alikuwa kikande. Kikande hula kamba, hula kaa, hupindua mawe, na akikua huwa na urefu wa mkono hadi kiwiko.

"Mzuri sana," alisema Sekela, na ilikuwa kweli.

Hakutaka kumwaibisha mumewe mbele ya watu. Akasema kila mgeni lazima akae karantini kwanza, kwenye beseni kubwa la stoo, asije akaleta ugonjwa. Hiyo pia ilikuwa kweli. Gwamaka akavuka mpaka na mbolea yake, na kila alipopiga simu alikuwa na swali jipya.

"Ameshaingia?"

"Bado yuko karantini."

"Anakula?"

"Anakula."

Alikuwa anakula sana. Alikula dagaa, vipande vya pweza na kipande cha mpira wa hita. Alipomwona Sekela alirusha maji kwa mdomo. Sekela alimpigia Luhende kuuliza karantini inaweza kuchukua muda gani zaidi. Luhende akasema swali hilo silo la samaki.

Gwamaka alirudi siku ya Jumapili, Sekela akiwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Alipitia saluni, akafungua kwa ufunguo wake, akamkuta kikande kwenye beseni la stoo akizunguka. Akamhurumia. Akamchota kwa ndoo, akamtia kwenye tangi.

Sekela alipofika alimkuta mumewe amekaa kwenye kiti cha wateja, mikono magotini. Ndani ya tangi kikande alikuwa anapita katikati, taratibu, kama mkaguzi. Samaki wa machungwa walikuwa wamejibana kwenye kona ya juu. Mlangoni mwa shimo alikuwa amesimama yule samaki wa mchangani, peke yake. Juu ya mchanga kulikuwa na sharubu moja.

Sekela alikaa kiti cha pili.

"Alikuwa ananusa tu," alisema Gwamaka. "Nikaona ananusa. Kumbe."

"Nilijua."

"Ulijua ni wa kula wenzake?"

"Tangu ndooni."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umefurahi."

Gwamaka alitazama tangi. "Ungeniambia. Luhende unamwambia kila kitu. Kila siku simu inatumika."

"Nampigia kuhusu chumvi."

"Hata mimi ningeweza kuulizwa kuhusu chumvi."

"Wewe hujui chumvi."

"Sijui," alikubali Gwamaka. "Lakini ningejibu."

Sekela aliitazama ile sharubu. Aliwaza kwamba mtu huyu alikuwa amebeba vioo, mawe, maji na viumbe hai kutoka mwisho wa nchi, na yeye kila siku jioni alikuwa akiongea na mtu mwingine. Halikuwa kosa ambalo angeweza kulionyesha kwa kidole. Alisimama, akamwekea mkono begani, akauacha pale kwa muda mrefu kuliko kawaida yao.

"Tumtoe," alisema.

Hawakuweza. Kikande alipoona wavu aliingia kwenye tundu la jiwe kubwa na hakutoka. Usiku ulipita hivyo. Asubuhi ya Jumatatu wateja walifika na kukuta mume na mke wakichota maji ya tangi kwa majagi. Sekela aliwaambia anayetaka kusukwa angoje, au asaidie. Wote walisaidia. Samaki wa machungwa walihamishiwa kwenye beseni la kukandia unga. Yule wa mchangani alikabidhiwa Mutale, aliyekuja na upande mmoja wa kichwa umefumuliwa, naye alimshika kwenye bakuli mapajani, akimfunika kwa kiganja. Mawe yalitolewa moja moja mpaka likabaki lile lenye kikande. Gwamaka alilitoa zima, likadondokea kwenye beseni la maji, kikande akiwa ndani yake, mkia tu ukionekana. Akajaribu kumvuta. Ilikuwa kama kuvuta msumari.

Sekela alipiga simu, akaiweka sauti ya nje, akaiegemeza kwenye rafu ya vitana. Kisha akasogea pembeni.

"Baba Tabita atakuuliza," alimwambia Luhende.

Gwamaka aliinamia simu.

"Amekwama," alisema Gwamaka.

"Usimvute, kaka," alijibu Luhende. "Hajakwama, amejifunga. Mgongoni ana mwiba mkubwa, ameusimamisha ukashika jiwe. Ukimvuta utamvunja. Nyuma ya huo mkubwa kuna mwiba mdogo. Ubonyeze huo mdogo, mkubwa utalala wenyewe."

Gwamaka aliingiza kidole tunduni, akipapasa, akitazama dari.

"Ni kama loki ya trela," alisema.

"Trela siijui."

"Ni hivyohivyo. Pini ndogo inashika pini kubwa." Akabonyeza. Kikande akatoka mkononi mwake kama kipande cha sabuni, na kabla ya kuingia ndooni akamng'ata kidole gumba.

Gwamaka alimwachia ndooni. Alitazama damu, akatazama samaki.

"Meno yake mazima," alisema kwenye simu.

"Ndiyo, kaka. Anavunja kaa kwa hayo."

Waliongea tena kwa muda, kuhusu kikande angekaa wapi na angekua kiasi gani, huku Sekela na wateja wakirudisha mawe. Hayakurudi kama yalivyokuwa. Jiwe lililofanana na mkwe wa Mutale liliishia nyuma, na Mutale alisema ni sawa tu.

Samaki wa machungwa walirudia maisha yao kabla ya siku kwisha. Aliyemtia Sekela wasiwasi ni yule wa mchangani. Alichagua mahali, akakaa akilinda, ila hapakuwa na shimo. Mchanga uliporomoka kila alipojaribu kujificha, kwa kuwa hakujua kuchimba. Wateja walikuwa wakiingia, wanamtazama yeye kwanza, halafu wanakaa. Mutale alileta dagaa wakavu wa kusaga. Samaki hakula.

Safari iliyofuata Gwamaka alikwenda mwenyewe kwa Luhende. Alimkuta ni mtu mwembamba mwenye miwani, mkubwa wake kwa miaka kadhaa, na hilo lilimpunguzia mambo fulani moyoni. Alikaa hapo mchana mzima. Alipompigia simu Sekela alikuwa anaongea kuliko alivyowahi kuongea kwenye simu.

"Nimeona kangaja. Nimemwambia hapana, tangi letu dogo. Nimeona mmoja ana mapezi kama manyoya ya kuku, mzuri ajabu, lakini mdomo wake mkubwa, wale wa machungwa wangepita. Hapana pia. Kuna kamba wa kuchimba, yupo mmoja. Luhende anasema hana uhakika kama samaki wetu atamkubali. Wewe unaonaje?"

Sekela aliwaza, huku akimaliza msuko aliokuwa ameushika.

"Mlete," alisema. "Asipomkubali tutaona."

Kamba alifika, akapitia karantini, akatiwa kwenye tangi kwa kikombe, mbali kidogo na samaki. Wateja wote walisogelea vioo. Kamba alikaa kitambo chini ya jiwe akitikisa sharubu, kisha akaanza kuchimba palepale alipoangukia. Samaki alibaki mahali pake pasipo na shimo. Hawakukaribiana siku hiyo, wala iliyofuata. Sekela alikuwa ameshamwambia mumewe kwamba labda haiwezekani, kwamba labda hawa hushikamana na mmoja tu, Gwamaka akasema labda. Wiki ilipokuwa inaisha, akiwa anamsuka mama mmoja wa Isansa, Sekela aliona mama yule kwenye kioo ananyoosha kidole. Samaki alikuwa mlangoni kwa kamba. Kamba alitoka na mchanga, akaugusa mgongo wake kwa sharubu, akaenda kuutupa.

Sekela alisimamisha mikono kidogo, kisha akaendelea kusuka.

Kikande anaishi nyumbani kwao, sebuleni, kwenye tangi lake peke yake. Amekua, na maji anayarusha mpaka kwenye zulia. Gwamaka akiwa nyumbani humlisha kamba wa kununua, mmoja mmoja, kwa koleo. Mwezi uliopita wenye lori walimtaka achukue safari ya Lubumbashi, ndefu kuliko zote, na yeye akawaomba wampe dereva mwingine. Walipomuuliza sababu, alisema kuna mtu nyumbani anakula vizuri akiwepo yeye tu. Walimuuliza kama ni mtoto. Alisema hapana.